Kukalisha kichwa cha risasi: namba za kupima kabla hujagusa baruti

Kitabu cha kujazia risasi cha Marekani, ukifungua ukurasa wa .308 Winchester (aina ya risasi ya bunduki ndefu), kitakuambia urefu wa mwisho wa risasi nzima ni inchi 2.810, sawa na milimita 71.37. Anayeanza huishika namba hiyo kama amri. Anafunga presi, ile mashine ya kubania, anakalisha vichwa kwenye maganda hadi vernia, kile kipimo cha taya, isome 2.810, anaenda zake kulenga. Pengine risasi zitapiga vizuri, pengine zitakwama kwenye magazini (kisanduku cha risasi cha bunduki), na akibadilisha aina ya kichwa bila kubadilisha namba, pengine kichwa kitajikita kwenye matuta, ile mibinuko ya ndani ya mtutu, na presha ipande.

Namba ya kitabu si ya uongo. Imewekwa na SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926, ili risasi ya kiwanda chochote iingie kwenye bunduki ya kiwanda chochote. Ulaya wana chombo chao, CIP, chenye vipimo vyake. Ila kanzu iliyokatwa imtoshe kila mtu haimkai vizuri mtu yeyote. Wewe una bunduki moja na kichwa cha aina moja, kwa hiyo pima hivyo viwili.

Naandika haya kutoka Boise, Idaho, ambako Waswahili tumekuwa wengi, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, na vijana wetu wameanza kuwinda elki (kulungu wakubwa) na kujaza risasi zao wenyewe gereji. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, kujaza risasi za matumizi yako hakuhitaji leseni. Kujaza za kuuza kunahitaji. Sheria ya jimbo na mji wako iulizie. Kenya na Tanzania habari ni nyingine kabisa: kutengeneza risasi bila kibali cha serikali ni kosa, hata kama bunduki yenyewe ina leseni. Huko usijaribu.

Tukubaliane maneno kwanza, maana "risasi" kwetu ni kila kitu. Hapa risasi ni kitu kizima kinachoingia kwenye bunduki. Ganda ni shaba ya manjano, na lina kitako, bega, shingo na mdomo. Kichwa ni kile kinachoruka. Fataki ni kile kidude cha kitakoni kinachopigwa na pini. Matuta ni ile mibinuko inayojizungusha ndani ya mtutu na kukipa kichwa mzunguko, na koo ni kipande kifupi kisicho na matuta kati ya chemba, yaani shimo la nyuma ya mtutu linapokaa ganda, na mahali yanapoanzia. Mruko ni nafasi ambayo kichwa kilichokalishwa kwenye ganda hupita kabla hakijagusa matuta. Na sehemu moja ya elfu ya inchi nitaiita nukta, kwa hiyo nukta 20 ni inchi 0.020, yaani nusu milimita na kidogo.

Meza na vifaa

Siku ya kupima, baruti na fataki zisiwepo mezani. Zifungie kabatini. Risasi zote utakazoziunda leo ni bubu: ganda na kichwa, basi. Toboa tundu kwenye ubavu wa ganda, au lipake rangi ya kucha, ili miezi sita baadaye mtu asiokote kitu mezani akabaki anajiuliza. Kagua bunduki mwenyewe kwa jicho na kwa kidole, chemba na magazini, kabla hujaiweka kwenye kishikio.

Unahitaji vernia, ya dijitali au ya saa, inayosoma nukta moja. Ya bei ya kati inatosha. Futa taya zake kwa kitambaa, zifunge, hakikisha inasoma sifuri, kisha pima kipenyo cha vichwa vyako. Kichwa cha .308 kikisoma 0.308 mara tano mfululizo, vernia yako na kidole chako vinaelewana. Kikisoma 0.306 halafu 0.309, shida mara nyingi ni mkono: unabana kwa nguvu tofauti kila mara, au kichwa kimelala mshazari. Kama ni ya dijitali, badilisha betri mapema. Betri ikikaribia kufa namba huanza kucheza, nawe unaweza kumaliza jioni nzima ukiilaumu dai, kile kinu cha chuma kinachofungwa kwenye presi kulipa ganda umbo au kukalisha kichwa.

Kifaa cha pili ni kompareta. Ni kipande cha chuma kinachofungwa kwenye taya moja ya vernia, chenye tundu dogo kidogo kuliko kipenyo cha kichwa. Kichwa kikiingia kwenye tundu hilo hakifiki mwisho, kinakamatwa pale unene wake unapolingana na tundu. Gharama yake ni ndogo kuliko sanduku la vichwa vizuri, na ukiniuliza, anunue mtu hiki kabla ya mizani ya umeme, kabla ya dai za bei mbaya, kabla ya yote yale ambayo video zinamtia hamu.

Kwa nini ncha haiaminiki

Chukua vichwa kumi vya shindano, vile vyenye tundu nchani, kutoka sanduku moja. Pima urefu wa kila kimoja kutoka kitako hadi ncha. Utaona vinatofautiana nukta 5, 10, wakati mwingine hata zaidi. Ncha ya kichwa cha namna hii hufungwa mwisho kiwandani, na kingo zake huwa na mikunjo na meno. Vichwa vya kuwindia vyenye ncha laini ya madini ya risasi ndio vibaya zaidi, kwani hubonyea sandukuni kabla hujavigusa.

Sasa vipime tena kwa kompareta. Tofauti inashuka hadi nukta moja au mbili. Unapima kutoka kitako hadi ule mzingo ambako ubavu ulionyooka unaanza kupinda kuelekea ncha. Mafundi wanauita ojivu. Karibu na hapo ndipo kichwa kitakapogusa matuta. Ncha haigusi chochote ndani ya mtutu, kazi yake ni kupasua hewa tu. Kwa hiyo ukitaka kujua mruko, urefu wa risasi hadi ncha haukuambii kitu, unaupimia magazini peke yake.

Angalizo moja: namba ya kompareta ni ya nyumbani kwako. Tundu la chuma changu na la chako hayalingani sawasawa, hata yakiwa ya jina moja. Nilipoanza, jamaa mmoja uwanjani alinipa namba yake ya ojivu, bunduki zetu zikiwa za aina moja na vichwa vya aina moja, nami nikajaza risasi 40 bila kuuliza zaidi. Asubuhi ya kuwinda, nikaingiza moja, sikumwona mnyama, nikavuta bolti, kile kifungio cha nyuma ya chemba, kuitoa. Ganda likatoka, kichwa kikabaki mtutuni kimekamatwa na matuta, na baruti yote ikamwagika ndani ya bunduki, ikaingia hadi kwenye kifyatuo. Safari ikaishia hapo. Nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Hatua ya kwanza: maganda

Hii nitaipitia haraka. Rudisha ganda kwenye umbo lake kwa dai ya kwanza, lifute mafuta, ndipo upime urefu wake, kwa sababu kupitishwa kwenye dai huku hulirefusha. Ganda la .308 lisizidi inchi 2.015, likikaribia hapo, likate hadi 2.005. La .30-06 mwisho ni 2.494, na likatwe hadi 2.484. Ganda refu kupita kiasi hubanwa mdomo wake na mwisho wa chemba, likakishika kichwa kisiachie, na presha hupanda ghafla. Baada ya kukata, lainisha mdomo ndani na nje, vinginevyo ukingo utakwangua kichwa wakati wa kukalisha.

Hatua ya pili: magazini

Pima urefu wa ndani wa magazini kutoka ukuta wa nyuma hadi wa mbele, kisha toa nukta 20 hadi 30 za kupumulia. Magazini yangu ya .308 ni 2.850 ndani, kwa hiyo mwisho wangu ni kama 2.825. Hapa ndipo urefu hadi ncha una maana, na chukua kichwa kirefu kuliko vyote sandukuni, siyo cha wastani. Ukiwa mtu wa kuingiza risasi moja moja kwa mkono, ruka hatua hii.

Hatua ya tatu: matuta yako yanaanzia wapi

Hapa ndipo penye kazi, na usiwe na haraka. Safisha chemba na koo kwanza. Kaa la baruti kooni litakudanganya nukta kadhaa.

Njia rahisi kuliko zote inataka fimbo ya kusafishia tu, iliyokatwa bapa mwishoni. Funga bolti kwenye chemba tupu, pini ikiwa imevutwa nyuma. Ingiza fimbo polepole kutoka mdomo wa mtutu hadi iguse uso wa bolti. Zungushia utepe kwenye fimbo, ukingo wake ulingane sawasawa na mdomo wa mtutu. Sasa toa bolti, tumbukiza kichwa kitupu kwenye chemba, ukisukume taratibu kwa penseli hadi kiguse matuta na kutulia. Mtu mwingine akishike hapo, asisukume. Ingiza fimbo tena hadi iguse ncha, weka utepe wa pili. Umbali kati ya kingo za tepe mbili ndio urefu wa risasi nzima ikiwa kichwa kinagusa matuta tu. Kwa kuwa namba hii inatoka nchani, weka alama kwenye kichwa ulichotumia, unda kwacho risasi bubu ya urefu huohuo, kisha ipime kwa kompareta. Hapo umeivusha namba kutoka kwenye ncha kwenda kwenye ojivu.

Njia ya pili ni ya ganda lililopasuliwa shingo. Chukua ganda lililopigwa na bunduki hiyohiyo, pasua shingo kwa msumeno mwembamba mstari mmoja au miwili kuelekea bega, sugua kingo zisibaki na meno. Ingiza kichwa kwa vidole, kiache nje sana, kisha weka kwenye chemba na ufunge bolti taratibu. Matuta yatakirudisha kichwa ndani ya shingo hadi penye kipimo. Fungua kwa upole, pokea risasi kwa mkono isiruke, pima. Njia hii ina hila yake: wakati wa kutoa, matuta hung'ang'ania kichwa na kukivuta nje kidogo, namba ikawa ndefu kuliko ukweli. Paka ubavu wa kichwa kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kuanza. Mdomo wa ganda utakwangua mstari kwenye wino. Kama baada ya kutoa mstari huo hauko tena penye mdomo wa ganda, kimevutwa. Kirudishe hadi mstari, ndipo upime.

Njia ya tatu ni ya kununua: ganda lililotobolewa kitako na kukatwa uzi wa skrubu, likafungwa kwenye fimbo yenye kijiti cha kusukumia kichwa hadi kwenye matuta na skrubu ya kukikaza hapohapo. Ni ya haraka. Tatizo lake ni mkono mzito. Ukisukuma kwa nguvu kichwa kinaingia kwenye matuta badala ya kuyagusa, na unaweza kupata tofauti ya nukta 5 kati ya jaribio na jaribio. Gonga kijiti kwa kidole mara mbili, basi. Kumbuka pia kwamba ganda la kununua halina urefu wa bega sawa na maganda yako yaliyokwisha kupigwa. Tofauti ya kutoka kitako hadi bega kati ya mawili hayo inabidi uiongeze au uitoe.

Njia yoyote utakayochagua, rudia mara tano kwa kichwa kilekile. Namba zikija ndani ya nukta mbili, chukua ya katikati. Zikitawanyika, usitafute wastani wa fujo. Safisha koo, punguza nguvu, anza upya. Kichwa kikikwama kooni, kisukume kwa fimbo kutoka mdomo wa mtutu, polepole, usikigonge.

Kichwa hicho ulichopimia kitie kwenye kifuko, andika tarehe na namba. Koo la mtutu huliwa na moto kadiri unavyopiga, matuta yakasogea mbele. Baada ya risasi mia kadhaa utataka kupima tena kwa kichwa kilekile, kwa kuwa kingine kitakuletea shaka kama kilichobadilika ni mtutu au ni kichwa.

Hatua ya nne: kuchagua mruko

Bunduki yangu, kwa kichwa cha greni 168 (greni ni kipimo cha uzito) chenye mkia mwembamba, iligusa matuta kwa kompareta kwenye 2.258. Nilitaka mruko wa nukta 20, nikatoa: 2.238. Nikaunda risasi bubu, nikaipima hadi ncha, ikasoma 2.828. Mwisho wangu wa magazini ni 2.825. Basi nikaongeza mruko hadi nukta 30, kompareta 2.228, urefu mzima ukaja 2.818, na hata kichwa kirefu kuliko vyote sandukuni hakikunipita. Hiyo ni ndefu kuliko 2.810 ya kitabu, na kwa bunduki yangu haina neno, ila risasi hizo huenda zisiingie kwenye bunduki ya jirani.

Kwa kichwa cha kawaida cha madini ya risasi na shaba, nukta 20 ni pa kuanzia pazuri. Vichwa vya shaba tupu hupenda mruko mrefu zaidi. Watengenezaji wake wengi husema anza nukta 50. Vichwa virefu vyembamba vya kulenga mbali huwa na hasira na havitabiriki, na njia inayotumika sana ni kujaribu nafasi nne zilizoachana: nukta 10, 50, 90 na 130, risasi sita kila moja, kisha kuchimba zaidi pale penye kundi dogo. Kuna bunduki, hasa za zamani za kampuni ya Weatherby, zenye koo refu kiasi kwamba huwezi kuyafikia matuta kabisa kichwa kikiwa bado kimeshikwa vizuri na shingo. Hapo sahau matuta. Fuata magazini na shingo.

Shingo ishike kiasi gani? Kuna kanuni ya zamani ya kipenyo kimoja cha kichwa, lakini mkia mwembamba wa nyuma haushiki kitu, usiuhesabu. Kujua kichwa kimezama kiasi gani, jumlisha urefu wa kichwa na urefu wa ganda, kisha toa urefu wa risasi nzima. Changu: 1.215 na 2.005 ni 3.220, toa 2.818, inabaki 0.402, mkia ukiwemo.

Na hili lisikupite: kukigusisha kichwa matuta hupandisha presha, kwa kuwa kinaanza safari kikiwa kimezuiwa. Kukizamisha zaidi ya kitabu pia hupunguza nafasi ya baruti na kupandisha presha. Kila unapobadilisha urefu kwa kiasi cha maana, au aina ya kichwa, au fungu la baruti, rudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu na upande polepole. Vipimo vya baruti sivitoi hapa, chukua kwenye kitabu cha mtengenezaji wa kichwa au wa baruti yako, toleo jipya.

Hatua ya tano: kuseti dai

Funga dai ya kukalishia ukiwa na ganda ndani ya presi, ishushe hadi iguse mdomo wa ganda, kisha irudishe juu zunguko moja zima ili isibane mdomo. Legeza kijiti cha ndani juu sana. Kalisha kichwa cha kwanza kikiwa kirefu kupita unavyotaka, pima kwa kompareta, shusha kijiti kidogo, kalisha tena. Kijiti kina uzi wake, zungusha robo, pima, utajua robo inaleta nukta ngapi. Zikibaki nukta 10, zungusha kwa woga. Ukipitiliza, huwezi kurudi ila kwa nyundo ya kung'olea vichwa.

Angalia kichwa baada ya kukalisha. Pete nyembamba kwenye ojivu inaonyesha kijiti kinakishika vizuri. Kukiwa hakuna pete na ncha imebonyea, kijiti kinasukuma ncha, na kazi yote ya kompareta umeitupa. Vichwa virefu vinahitaji kijiti chenye shimo lenye kina zaidi.

Risasi ikisoma nukta mbili juu au chini kwa ojivu, kwa kuwinda inatosha sana. Zikiruka nukta 5 au 6, tafuta kwenye shingo: moja inabana, nyingine inalegea. Piga ndani ya shingo brashi ya nailoni, na mkono wa presi uushushe kwa mwendo uleule kila mara. Kama baruti imejaa ganda hadi inabonyezwa na kichwa, pima tena baada ya saa moja. Baruti iliyobanwa inaweza kukisukuma kichwa juu taratibu wakati unakunywa chai.

Bunduki nzito kama .375 H&H Magnum, iliyotoka mwaka 1912 na ambayo wawindaji wa safari Afrika Mashariki bado wanaibeba kwa nyati, zina kanuni yao. Teke lake huzigonga risasi zilizobaki magazini kwenye ukuta wa mbele, na vichwa huzama ndani ya maganda. Hapo unakalisha hadi kwenye mfereji uliochongwa ubavuni mwa kichwa na kubana mdomo wa ganda juu yake. Mruko hauna usemi. Mfereji ndio unaoamua urefu.

Kabla ya kufungua kabati la baruti, chukua risasi bubu tano za mwisho, jaza magazini, uzipitishe zote kwa bolti, haraka na polepole. Zipime tena kwa kompareta zikitoka. Kama yoyote imefupika, shingo ni legevu. Kama ubavu wa kichwa una mikwaruzo ya miraba iliyopangana sawa, umeyagusa matuta na namba yako ya hatua ya tatu ina kasoro. Zikitoka kama zilivyoingia, andika juu ya sanduku: bunduki gani, kichwa gani na fungu lake, urefu wa ganda, namba ya kompareta, urefu hadi ncha, tarehe. Bubu moja ibaki ndani ya sanduku la dai. Msimu ujao utaseti dai kwa kuishusha juu ya hiyo, dakika mbili, halafu pima.